Alama ya kidole na alama ya mnyama: kisa cha mchuuzi wa dagaa wa Kirumba Mwaloni, Januari 2020

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Januari 2020, laini ya simu ya mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni, jijini Mwanza, ilifungwa. Haikufungwa kwa sababu alichelewa foleni wala kwa sababu alikosa kitambulisho. Namba ya NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa) alikuwa nayo tangu mwaka uliotangulia, wakala wa usajili alikuwa anakaa hatua chache kutoka kwenye turubali lake la kuanikia, na tarehe ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole aliijua vizuri kuliko wengi wetu. Alikataa kwa kusudi, kwa kuwa aliamini kwamba kuweka kidole juu ya kile kimashine ni kupokea chapa inayotajwa katika Ufunuo wa Yohana, sura ya 13. Ndani ya laini hiyo mlikuwa na shilingi 1,340,000, na kati ya hizo 900,000 hazikuwa zake. Zilikuwa za kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama 15, ambacho yeye alikuwa mweka hazina wake.

Wakati huo nilikuwa katibu wa baraza la wazee katika kanisa analosali. Nakiandika kisa hiki kwa idhini yake, bila kutaja jina lake wala la kanisa, kwa sababu nimesikia kikisimuliwa mara nyingi kama habari ya mwanamke mjinga aliyeogopa mashine. Hakuwa mjinga. Alisoma andiko kwa makini kuliko sisi tuliokuwa na wajibu wa kumfundisha, na kosa la kwanza katika kisa hiki, nitakavyoonyesha, halikuwa lake.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019. Kabla ya hapo laini zilikuwa zikisajiliwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kwa vitambulisho vya aina mbalimbali, na kila aliyekuwa na simu miaka ile anakumbuka ujumbe wa kitapeli wa «ile pesa tuma kwenye namba hii», uliotoka kwenye laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wasio na habari. Utaratibu mpya ulitaka vitu viwili: namba ya NIDA yenye tarakimu 20, na kidole kinacholingana na kile kilichohifadhiwa kwenye kanzidata ya NIDA. Mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba 2019, kisha Rais John Magufuli akaongeza siku 20.

Anayefanya biashara ya dagaa huhesabu mwezi kabla ya kuhesabu tarehe, na mwezi una sehemu yake katika kisa hiki. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 10 Januari. Kufikia tarehe 20 giza lilikuwa limeshaingia ziwani, na dagaa huvuliwa gizani, kwa taa, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu. Laini ilifungwa katika siku zile zile ambazo mitumbwi hurudi imejaa, na wauzaji wa Ukerewe na visiwa vingine husubiri fedha iingie kwenye simu ndipo wapakie magunia. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, pochi ya mchuuzi imehamia kwenye laini kidogo kidogo, hata mtu akifungiwa simu leo hafungiwi mdomo tu, anafungiwa na duka. Siku tatu za kwanza mama alinunua kwa fedha taslimu aliyokuwa nayo. Siku ya nne mnunuzi wake wa Kigoma alipomkosa hewani alimtumia fedha mchuuzi mwingine. Siku hiyo hiyo mmoja wa wanakikundi, ambaye mtoto wake alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, alikuja nyumbani kwangu na kusema kwa upole unaouma kuliko kelele: «Mzee, mimi simlaumu mama. Lakini mwanangu bado yuko nyumbani na wenzake wameshaanza.»

Tulikaa Jumamosi ya tarehe 25: mchungaji, wazee wanne, mama mwenyewe, wawakilishi wawili wa kikundi, na kijana wa kanisa anayetengeneza simu, ambaye tulimwita aeleze mambo ya mashine. Kijana alianza kwa hoja aliyodhani itamaliza mjadala. «Mama, shikamoo. Vidole vyako serikali ilishavichukua NIDA, vyote. Hii ya laini wanalinganisha tu.» Mama alimwitikia salamu, kisha akajibu: «Najua, mwanangu. Lakini kule NIDA hakuna aliyeniambia kwamba nisipotoa kidole sitanunua wala sitauza. Hapa ndipo nimeambiwa.»

Kikao kilinyamaza. Ufunuo 13:17 hausemi habari ya kuhesabiwa wala ya kuandikishwa. Unasema mtu asiweze kununua wala kuuza isipokuwa ana chapa ile. Mama alikuwa amepita kwenye kitambulisho bila hofu na kusimama kwenye laini, kwa sababu laini ndiyo iliyogusa biashara. Huo ni usomaji wa mtu aliyelishika andiko lenyewe, hata kama alikosea mahali pengine.

Alikosea wapi? Chanzo kilikuwa sauti ya dakika sita iliyozunguka katika makundi ya maombi ya WhatsApp mwezi Desemba. Aliyezungumza hakujitaja jina, hakutaja kanisa, wala hakutaja mji. Tangu Januari 2019 WhatsApp ilikuwa imeweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwenye makundi matano kwa mara moja, lakini makundi matano yenye watu mia mia ni watu 500, na kila mmoja wao ana matano yake. Sauti ilisema mambo matatu: kwamba alama ya kidole ndiyo alama ya mnyama, kwamba namba ya NIDA imeficha 666, na kwamba atakayekubali hatapata msamaha tena hata akitubu. Jambo la tatu ndilo lililomshika mama. Mtu aliyeambiwa kwamba kugusa kioo sekunde mbili kunamfungia mlango wa toba milele hawezi kuhesabu hasara ya magunia.

Nimelitafakari sana jambo la kwanza, na ninaamini kwamba nusu ya kazi yake ilifanywa na lugha yetu yenyewe. Biblia tunayoisoma ibadani haisemi alama katika Ufunuo 13:16, inasema watu «watiwe chapa». Lakini mimbarani na katika mazungumzo, na hata katika tafsiri nyepesi zaidi, tumezoea kusema «alama ya mnyama». Serikali nayo, ilipotafuta jina la ile michirizi iliyo kwenye ncha ya kidole, haikuwa na neno lingine ila alama za vidole. Kwa hiyo tangazo la redio liliposema «sajili laini yako kwa alama», sikio lililolelewa kanisani lilisikia sentensi iliyokwisha kuandikwa zamani. Hakuna aliyepanga hivyo. Maneno mawili yalikutana barabarani, na sisi wazee, tunaojua yote mawili, hatukusimama katikati kuyatenganisha.

Chapa ni neno ambalo hakuna mtu wa Usukumani anayehitaji kufafanuliwa. Mwaka 2017 serikali iliendesha zoezi la kupiga chapa ng'ombe nchi nzima, na wengi waliokuwa kwenye kikao kile walikuwa wameshika kamba wakati chuma cha moto kikigusa ngozi. Chapa hutoka kwa mwenye mali na kubaki kwenye mwili wa kinachomilikiwa. Neno la Kigiriki alilotumia Yohana, karagma, lilikuwa likitumika kwa maana hiyo hiyo na kwa nyingine za jirani yake: mhuri unaogongwa kwenye hati, na sura inayopigwa kwenye sarafu. Alama ya kidole inakwenda kinyume. Mtu amezaliwa nayo, hakupewa na mtawala yeyote. Kijana wetu alieleza vizuri kwamba kioo kile hupiga picha ya michirizi, programu huibadilisha kuwa hesabu ya mahali michirizi inapokatika na kugawanyika, hesabu hiyo ikalinganishwa na ile iliyoko NIDA, jibu likarudi kuwa ndiyo au siyo. Hakuna kinachoingia kwenye ngozi. Mama alimtazama vidole vyake wakati anaeleza, kisha akatazama vya kwake mwenyewe, vilivyochubuliwa na miaka ya kuanika na kupepeta dagaa.

Suala la namba halihitaji maneno mengi. Katika namba ya NIDA tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tuliisoma ya mama pale pale, na sita tatu hazikufuatana. Hata zingefuatana isingekuwa hoja, kwa sababu Yohana hakuandika sita tatu. Wagiriki waliandika hesabu kwa herufi, na mia sita, sitini na sita ni herufi tatu tofauti: moja ya mia sita, moja ya sitini, moja ya sita. Kanuni hiyo hiyo inavunja dai la kwamba herufi tatu za mwanzo wa anwani za tovuti ni 666 kwa Kiebrania, kwa maana herufi za Kiebrania hujumlishwa, na sita tatu zikijumlishwa ni 18. Zipo hata nakala za kale zinazosoma 616 badala ya 666. Irenaeus, askofu wa Lyon katika karne ya pili, alizijua na kuzikataa, na katika maandishi hayo hayo alionya juu ya kubahatisha jina la mnyama, akisema ni salama zaidi kungoja unabii utimie. Wasomi wengi leo huona kwamba hesabu hiyo ni jina la Kaisari Neroni likiandikwa kwa herufi za Kiebrania, na kwamba herufi moja ikiondolewa mwishoni inabaki 616.

Dai hili si geni, na kulijua hilo kunasaidia. Mistari ya bei kwenye bidhaa, ambayo ilisomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974 huko Ohio, Marekani, ilihubiriwa kuwa chapa, kwa hoja kwamba mistari ya pembeni na katikati inafanana na mstari wa tarakimu sita. Baadaye ikaja zamu ya kifaa kidogo cha kupandikizwa chini ya ngozi, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya kumbukumbu za matibabu, kisha minara ya simu ya kizazi cha tano, ambayo mwaka 2020 baadhi yake ilichomwa moto nchini Uingereza. Sisemi haya ili kuwadharau waliohubiri. Nasema kwa sababu wachuuzi wa Mwaloni huuza na kununua bidhaa zenye mistari ile kila siku, na hakuna aliyewahi kuwarudia na kuwaambia kwamba lile tulilowahubiria halikuwa kweli. Mahubiri ya hofu hayana siku ya kufutwa. Yanaachwa tu, na mzigo unabaki kwa aliyeyaamini.

Hata hivyo, hoja za lugha, hesabu na mashine zisingetosha, na nadhani zisingepaswa kutosha. Mama alikuwa anauliza swali la imani, na swali la imani halijibiwi kwa kueleza kioo kinavyopiga picha. Mchungaji, ambaye kwa wiki sita alikuwa amenyamaza kwa kuogopa kuonekana mtetezi wa serikali, alifungua Ufunuo tena na kusoma kutoka sura ya 13 hadi ya 14 bila kusimama mahali ambapo huwa tunasimama. Mstari wa mwisho wa sura ya 13 unataja hesabu ya mnyama. Mstari wa kwanza wa sura ya 14 unawataja waliosimama pamoja na Mwana-Kondoo, wenye jina lake na jina la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao. Yohana ameziweka chapa mbili pamoja, na hakuna mhubiri anayefundisha kwamba jina la Mwana-Kondoo ni maandishi yanayoonekana kwenye ngozi. Sote tunaelewa kuwa ni habari ya mtu ni wa nani. Musa naye katika Kumbukumbu la Torati 6 aliagiza maneno ya Mungu yafungwe mkononi na kati ya macho, yaani katika anayotenda mtu na anayoyawaza. Kisha mchungaji akasoma 14:9, mstari uleule ambao sauti ya WhatsApp ilitishia nao, na akaukazia mwanzo wake, ambao sauti iliuruka: «Mtu awaye yote akimsujudu huyo mnyama na sanamu yake, na kuipokea chapa». Kusujudu kunatangulia. Hakuna anayemkana Bwana bila kujua, akiwa kwenye meza ya wakala chini ya mwavuli.

Alieleza pia kitabu kiliandikiwa nani. Makanisa yale saba yalikuwa katika miji ya biashara, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Pergamo palikuwa na hekalu la Kaisari. Thiatira, mji wa Lidia yule mwuza rangi ya zambarau, ulijulikana kwa vyama vya mafundi na wafanyabiashara, na karamu za vyama hivyo mara nyingi ziliambatana na sadaka kwa miungu. Mkristo aliyejitenga na sadaka alijitenga na wateja. Kwa hiyo kununua na kuuza havikuwa mfano wa mbali kwa wasikilizaji wa kwanza. Huenda wengine wao walikuwa akina mama wa sokoni, wakiulizwa kama watakula chakula cha sanamu ili wabaki kwenye chama.

Hapo ndipo mama aliposema neno ambalo bado sijalimaliza moyoni. «Basi nimeelewa kwamba leo sijaombwa kusujudu. Lakini mchungaji, nimefungiwa kwa usiku mmoja, na kufikia siku ya nne sikuweza kununua. Siku wakitaka nisujudu, si ndiyo njia hii hii watakayoitumia?»

Hakuna aliyekuwa na jibu la kumtuliza, na naona ilikuwa haki. Alikuwa ameacha hofu ya uongo na kubaki na swali la kweli. Mfumo unaoweza kumtoa mtu sokoni bila askari wala mahakama ni mkubwa, hata ukiendeshwa kwa nia njema, na nia ya mwaka 2019 ilikuwa na sababu zake, utapeli ukiwa mmojawapo. Aliuliza pia ni nani anatunza kidole chake baada ya kukisoma, na kwa muda gani. Januari 2020 nchi yetu haikuwa na sheria mahususi ya ulinzi wa taarifa binafsi. Ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kanisa lililokuwa tayari kukesha kwa ajili ya 666 halikuwa limewahi kuuliza swali hilo la kawaida kabisa la raia, na aliyeliuliza kwanza katika kikao chetu ni mwanamke tuliyekuwa tumekuja kumrekebisha.

Naandika hukumu yangu waziwazi: kosa kubwa lilikuwa letu, wazee na mchungaji. Tulijua mwezi Desemba kwamba sauti ile inazunguka. Watatu kati yetu tulikuwa nayo kwenye simu zetu, na mmoja alikuwa ameisambaza «ili watu wapime wenyewe». Tulidhani kunyamaza ni busara. Mtu mwenye njaa ya kuelewa siku za mwisho asipopewa mafundisho mezani atakula kilichotupwa njiani, na sisi ndio tuliomwacha mezani peke yake. Kosa la mama lilikuwa dogo na la aina nyingine: alibeba uamuzi wa dhamiri yake akiwa na fedha za watu 15 mkononi, bila kuwaambia mapema wachukue zao. Alilikiri kabla hajaulizwa. Dhamiri ni yake, alisema, lakini fedha ya shule ya mtoto wa mwenzake haikuwa yake.

Jumatatu ya tarehe 27 tulikwenda naye kwa wakala, mimi na mmoja wa akina mama wa kikundi. Alipofika alisimama, akamwamkia kijana wa usajili, na kumwomba jambo moja: asajiliwe kwa mkono wa kushoto. Wakala alisema kidole chochote kinafaa mradi kipo NIDA. Andiko linataja mkono wa kuume, na mama, baada ya yote tuliyozungumza, alitaka mkono huo ubaki bila kuguswa. Mzee mwenzangu aliposikia baadaye alihuzunika, akaona kwamba mafundisho yetu hayakuingia. Mimi sioni hivyo. Aliusikiliza uelewa wetu na kuukubali, na bado akaweka kitu kidogo cha kuonyesha kwamba hakukubali kwa sababu ya kuchoka. Kidole gumba cha kushoto kilikataa mara mbili, kwa kuwa michirizi ilikuwa imefifia na mikono ilikuwa mikavu kwa kazi ya dagaa. Akaenda bombani, akanawa, akajifuta kwa khanga, akarudi. Mara ya tatu kilikubali.

Laini ilirudi hewani, na fedha zote zilikuwamo. Jioni ile ile wanakikundi walikaa nyumbani kwake na kila mmoja akahesabiwa sehemu yake. Kisha mama akatoa pendekezo, likapita: wakarudisha lile sanduku la zamani lenye kufuli tatu, lililokuwa limewekwa stoo tangu walipohamia kwenye simu, na funguo zake zikagawiwa kwa watu watatu wa mitaa tofauti. Fedha za kila siku zinapita kwenye laini. Ndani ya sanduku hukaa kiasi cha kununulia dagaa wa giza moja, taslimu, na hakiguswi hata msimu ukiwa mbaya.